Tanglewood: Msimu wa Muziki Unaolipiwa na Majirani

Tanglewood ni uwanja wa muziki wa wazi uliopo kwenye vilima vya Berkshire, magharibi mwa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mahali miji midogo ya Lenox na Stockbridge inapopakana. Ni makao ya kiangazi ya Okestra ya Simfoni ya Boston. Kila mwaka, tangu mwanzoni mwa Julai hadi karibu na mwisho wa Agosti, okestra hiyo huuacha ukumbi wake wa mjini na kuhamia mashambani, na kabla na baada ya wiki hizo jukwaa huachiwa waimbaji wa nyimbo za watu na bendi za kisasa. Wasikilizaji ni maelfu kwa maelfu. Hata hivyo, fedha za tiketi hazitoshi kuuendesha msimu, na hazijapata kutosha. Pengo hilo huzibwa na wachangiaji, na historia ya Tanglewood kwa kiasi kikubwa ni historia ya namna pengo hilo lilivyozibwa.

Kutoka Boston ni mwendo wa kilomita 210 hivi kuelekea magharibi kwa barabara kuu ya kulipia, I-90. Nusu ya kwanza haina la kusimuliwa. Baada ya Springfield na mto Connecticut, barabara huanza kupanda, misitu hukaribia pande zote mbili, na karibu na Becket kuna kibao kinachomjulisha dereva kwamba amefika sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo mashariki ya Dakota Kusini: futi 1,724, yaani kama mita 525. Kwa mtu aliyezoea kuvuka Sekenke au kupanda Mau, huo si mlima wa kutangaziwa. Treni nayo ipo, ya kupitia Pittsfield, ila ratiba yake haikupangwa kwa kumfikiria msikilizaji wa muziki, kwa hiyo karibu kila mtu huja kwa gari.

Eneo lenyewe linasaidia kueleza kwa nini okestra kubwa iliweka kambi mbali hivyo na mji. Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri wa New York na Boston walikimbilia Berkshire kuukwepa ukali wa joto, wakajenga majumba yenye vyumba makumi kwa makumi. Mwandishi wa riwaya Edith Wharton alijenga lake, The Mount, hapo Lenox mwaka 1902. Mengi ya majumba hayo leo ni hoteli, shule au makumbusho. Familia zilizoyajenga zilikuwa na fedha, zilikuwa na Julai na Agosti nzima bila kazi, na zilikosa la kufanya jioni.

Lango kuu hufunguliwa saa kadhaa kabla ya onesho, na foleni ya kuingia ni kitu cha kutazama. Watu hubeba vikapu, viti vya kukunja, meza fupi, mablanketi, vitambaa vya meza, hata vinara vya mishumaa. Chakula na vinywaji vya nyumbani huruhusiwa. Tiketi ni za aina mbili kuu: ya kiti chini ya paa, na ya majani, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Mwandishi wa masimulizi haya alichukua ya majani, kwa sababu ya bei kwanza, na pia kwa kuwa majani ndiyo Tanglewood ya watu wengi. Upande mmoja wa uwanja ardhi inateremka, na kwenye uwazi wa miti huonekana ziwa la Stockbridge Bowl na milima ya mbali. Mialoni na misonobari ni mirefu na mikongwe. Mtu anaweza kukaa hapo saa mbili kabla hata fidla haijaanza kukazwa nyuzi, asijute.

Jengo la katikati huitwa Shed, yaani banda, na ni banda kweli: paa pana lililotandazwa kama ungo uliokatwa nusu, nguzo nyembamba za chuma, jukwaa kwenye ncha nyembamba, na pande zote nyingine wazi. Lina viti 5,000 na zaidi kidogo. Nyuma ya safu ya mwisho hakuna ukuta, majani yanaanza. Walio chini ya paa husikia okestra yenyewe. Walio mbali husaidiwa na vipaza sauti. Adabu nazo hutofautiana. Chini ya paa watu hutulia kama wako ukumbini. Kwenye majani mtoto hulala, bibi hufuma sweta, kijana hujaza fumbo la maneno la gazeti, na kipande kinapofika mwisho wote hupiga makofi kwa pamoja. Jioni ile ilinyesha mvua katikati ya onesho. Hakuna aliyerudishiwa fedha, maana tiketi inasema wazi kwamba onesho halijali mvua wala jua. Wengi walijifunika maturubai wakaendelea kusikiliza.

Mvua ndiyo iliyojenga banda hilo. Mwaka 1934, Marekani ikiwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, mtunzi na mwongozaji wa okestra Henry Hadley alikuwa akitafuta mahali pa kufanyia maonesho ya kiangazi nje ya mji. Alimpata Gertrude Robinson Smith, mkazi wa kiangazi wa Berkshire, mwanamke mwenye nguvu za kupanga watu ambazo angekuwa mwanamume angeongoza nazo kampuni ya reli. Aliwaendea majirani, akakusanya kamati, na mwezi Agosti mwaka huo wanamuziki kutoka New York walipiga maonesho matatu katika uwanja wa farasi kwenye shamba moja la Stockbridge. Mwaka uliofuata walirudia. Mwaka 1936 kamati ilialika Okestra ya Simfoni ya Boston na mwongozaji wake, Serge Koussevitzky. Maonesho matatu ya mwaka huo, chini ya hema kubwa, yalihudhuriwa na watu karibu 15,000 kwa jumla.

Zawadi iliyofuata haikuwa fedha taslimu. Bi Mary Aspinwall Tappan na jamaa yake, Bi Gorham Brooks, waliitoa Tanglewood, shamba la familia la ekari 210 pamoja na majengo yake, liwe mali ya okestra. Huko nyuma, mwaka 1850 na 1851, Nathaniel Hawthorne aliishi katika kijumba chekundu karibu na hapo, na jina la Tanglewood limetokana na hadithi zake za watoto. Kijumba hicho kiliungua mwaka 1890. Kinachooneshwa leo kilijengwa upya mwaka 1948 kwa mfano wa kile cha zamani.

Onesho la kwanza katika shamba jipya lilikuwa tarehe 5 Agosti 1937, nalo lilikuwa la Beethoven mtupu. Wiki moja baadaye, tarehe 12, ilikuwa zamu ya Wagner. Hema lilikuwa limejaa. Radi ilianza kupiga, mvua ikashuka kwa kishindo, na okestra ikalazimika kusimama katikati ya utangulizi wa opera ya Rienzi. Kipande kingine, sauti za msituni kutoka opera ya Siegfried, kiliachwa kabisa, kwa kuwa muziki wake ni wa taratibu na usingesikika chini ya turubai linalopigwa na maji. Watu walilowa. Ala zenye thamani ya nyumba nzima zikawa hatarini. Wakati wa mapumziko Gertrude Robinson Smith alipanda jukwaani na kuomba mchango wa kujenga jengo la kudumu, na ombi hilo hilo likachapishwa kwenye karatasi zilizogawiwa katika maonesho mawili yaliyobaki. Kwa muda mfupi zilipatikana fedha za kuanzia kazi. Mwombaji stadi angeweza kusubiri mwaka mzima asipate wakati mzuri kama ule: kila aliyeombwa alikuwa na hoja kichwani mwake, inachuruzika.

Kazi ya kuchora ilipewa Eliel Saarinen, msanifu majengo mkubwa aliyezaliwa Ufini. Mchoro wake wa kwanza ulizidi bajeti, ambayo ilikuwa dola 100,000. Akapunguza; bado ukazidi. Hatimaye akawaandikia wadhamini kwamba wakishikilia kiasi hicho, watakachopata ni banda tu, ambalo fundi yeyote anaweza kulijenga bila msanifu. Wadhamini hawakukasirika. Walimgeukia Joseph Franz, mhandisi wa hapo hapo Stockbridge, aliyeurahisisha mchoro zaidi na kusimamia ujenzi. Tarehe 4 Agosti 1938 jengo lilizinduliwa kwa Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Mwaka 1959 liliongezewa dari la vipande vya kurudisha sauti juu ya jukwaa, na mwaka 1988 likapewa jina la Koussevitzky. Watu wanaendelea kuliita banda. Kuna majumba mengi ya muziki duniani yaliyogharimu mara elfu ya hapo na ambayo sauti yake inalalamikiwa hadi leo.

Namna hii ya kuchangisha ilikuwa mpya hata kwa okestra yenyewe. Okestra ya Boston iliasisiwa mwaka 1881 na Henry Lee Higginson, mwenye benki, aliyeahidi kulipa mwenyewe nakisi ya kila mwaka, na akalipa hadi 1918. Utaratibu huo una uzuri wake: mwamuzi ni mmoja na ahadi ni moja. Lakini mlipaji mmoja huzeeka, na akiondoka huacha shimo lenye ukubwa wake. Huko Berkshire mzigo uligawanywa tangu mwanzo. Waliochangia dola chache baada ya mvua ya 1937 walipata hisa ya moyoni katika banda, na watoto na wajukuu wao bado huja kukagua paa.

Mgeni anayetembezwa uwanjani mchana huoneshwa upande mwingine ambao jioni hauonekani. Nyuma ya miti kuna vibanda vya mazoezi, na katika kila kibanda kuna kijana anayerudia kifungu kile kile cha muziki. Hao ni wanafunzi wa Kituo cha Muziki cha Tanglewood, shule iliyoanzishwa na Koussevitzky mwaka 1940. Leonard Bernstein alikuwa katika kundi la kwanza, na Aaron Copland alikuwa miongoni mwa walimu. Wanafunzi hawalipi ada, na malazi na chakula ni bure. Kila nafasi hulipiwa na mtu au mfuko fulani, na kwenye kitabu cha ratiba jina la mwanafunzi huandikwa pamoja na jina la ufadhili uliomleta. Mfadhili anaweza kumwona mpiga klarineti wake akipanda jukwaani, akampigia makofi, akamualika chakula. Fedha za namna hiyo ni rahisi kuzitoa tena mwaka unaofuata kuliko zile zinazozama katika bili ya umeme, na waombaji fedha wa Tanglewood wanalijua hilo vizuri.

Shule hiyo nusura ifungwe mapema. Mwaka 1942, vita vikiwa vimeleta mgao wa petroli, wadhamini wa okestra waliamua kuufuta msimu. Koussevitzky alikataa. Mke wake, Natalie, binti wa mfanyabiashara tajiri wa chai wa Urusi, alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huo, na Koussevitzky akaanzisha mfuko kwa kumbukumbu yake. Kwa fedha za mfuko huo shule iliendelea, na wanafunzi wenyewe wakawa okestra ya msimu. Agosti hiyo walipiga Simfoni ya Saba ya Shostakovich, kazi iliyobebwa kutoka Urusi iliyokuwa vitani, ikiwa mara ya kwanza kupigwa ukumbini mbele ya watazamaji nchini Marekani baada ya kusikika redioni. Mfuko huo ndio uliomwagiza Benjamin Britten kutunga opera ya Peter Grimes, na mwaka 1946 ikapigwa Tanglewood kwa mara ya kwanza Marekani, ikiongozwa na Bernstein. Kwa maoni ya mwandishi, hicho ndicho kitu bora kuliko vyote ambavyo michango ya Tanglewood imewahi kununua. Maonesho ya Jumamosi usiku yangeweza kuwepo mahali pengine.

Siku ya kuchangia shule ina jina lake, Tanglewood on Parade. Ilianza mwaka 1940 ikiwa onesho la kusaidia walioathiriwa na vita Ulaya, na leo mapato yake huenda kwa wanafunzi. Kuanzia mchana muziki hupigwa kila kona ya uwanja, wanafunzi na wakongwe kwa zamu, na usiku kwa desturi hufungwa kwa utangulizi wa 1812 wa Tchaikovsky, mizinga ikilia kweli na fataki zikipasuka juu ya ziwa. Watu wasioweza kutaja simfoni hata moja huja siku hiyo.

Siku za kawaida uchangiaji hufanya kazi kimya zaidi. Ngazi ya chini ni Marafiki wa Tanglewood: mtu hulipa kiasi kila mwaka na hupewa haki kadhaa, hasa kununua tiketi kabla ya umma, jambo lisilo dogo pale James Taylor, anayeimba hapo tangu 1974, anapowekwa kwenye ratiba. Wanaotoa zaidi huegesha gari karibu na kula kwenye hema lao ndani ya uwanja. Juu yao kuna Jumuiya ya Koussevitzky, ya wanaotoa kiasi kikubwa. Wenye hoteli, mikahawa na maduka ya Berkshire wana kundi lao, na sababu yao haina fumbo: bila Julai na Agosti, biashara nyingi za Lenox zingefunga milango. Kampuni hudhamini onesho moja moja. Wasio na fedha hutoa muda wao, na waongozaji wa ziara za uwanjani ni wajitolea, wengi wao wastaafu, wenye kumbukumbu za maonesho ya miaka 50 nyuma na hamu kubwa ya kuzisimulia.

Serikali haionekani sana. Mfuko wa taifa wa sanaa ulianzishwa mwaka 1965, na jimbo lina baraza lake la utamaduni, lakini fungu lao ni dogo likilinganishwa na la watu binafsi. Msaada mkubwa wa serikali hupitia mlango wa nyuma, nao ni kodi. Okestra imesajiliwa kama taasisi isiyotafuta faida, hivyo mchangiaji anaweza kuupunguza mchango wake kutoka kwenye hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, baada ya kuondoa thamani ya alichopewa, kama vile chakula cha hemani. Utaratibu huu humfaa zaidi mwenye kipato kikubwa, na humpa sauti katika kuamua sanaa ipi iishi. Kasoro hiyo inaonekana kwa macho: hema la wachangiaji lina viti na vitambaa vyeupe, na hatua chache kutoka hapo watu wamekaa juu ya turubai wakila mikate. Ila ni sawa pia kusema kwamba walio hemani ndio wanaowezesha bei ya majani ibaki chini, na kwamba watoto huingia kwenye majani bila malipo, kwa masharti mepesi.

Nguvu hiyo ya wachache imewahi kutumika kwa faida ya muziki usiopendwa. Paul Fromm, mfanyabiashara wa mvinyo wa Chicago, kuanzia miaka ya 1950 alitumia mfuko wake kugharimia muziki mpya hapa Tanglewood, muziki ambao tiketi zake hazingeuzika hata kwa nusu bei. Tamasha la muziki wa kisasa linaendelea hadi leo. Mwandishi alihudhuria onesho moja la aina hiyo. Waliokuwa ukumbini walikuwa wachache, na waliofurahi wachache zaidi, lakini wapigaji walipiga kana kwamba ukumbi umefurika.

Maeneo mapya ya Tanglewood yana majina ya walioyawezesha. Mwaka 1986 okestra ilinunua shamba jirani la Highwood, na hapo mwaka 1994 ulifunguliwa Ukumbi wa Seiji Ozawa, wa viti kama 1,200, uliochorwa na William Rawn. Ozawa alikuwa ameongoza okestra tangu 1973. Mchango mkubwa ulitoka kwa Norio Ohga, mkuu wa kampuni ya Sony, naye hakutaka ukumbi uitwe kwa jina lake bali kwa la Ozawa. Ukuta wake wa nyuma hufunguka wote, na majani ya nje huwa sehemu ya ukumbi, akili ile ile ya banda lakini kwa mbao nzuri na fedha zaidi. Mwaka 2019 kikaongezwa Kituo cha Linde, majengo manne yaliyounganishwa kwa njia yenye paa, yenye joto la kutosha kutumika hata wakati wa theluji. Kabla ya hapo Tanglewood ilikuwa ikifungwa kila vuli kama nyumba ya likizo.

Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa Covid. Mwezi Mei 2020 okestra ilitangaza kwamba hakutakuwa na maonesho ya ana kwa ana kiangazi hicho, na muziki ukahamia mtandaoni. Wenye tiketi walipewa hiari ya kurudishiwa fedha, kuzihifadhi kwa msimu mwingine, au kuzigeuza mchango. Mwezi Julai 2021 okestra ilirudi kwa msimu uliopunguzwa hadi wiki sita, maonesho yakiwa mafupi, bila mapumziko, na idadi ya watu ikiwa imewekewa kikomo. Onesho la kwanza la okestra, chini ya mwongozaji Andris Nelsons, lilikuwa la Beethoven mtupu, na waliokaa kwenye majani walipangwa familia moja mbali na nyingine.